SOMO: Breki za haidroliki (zinazobana kwa oili) za bei nafuu kwa baiskeli za mlimani, kununua na kuzitunza (Dodoma)

Habari wakuu. Kila wiki naulizwa: "Niweke oili gani kwenye breki?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Kununua

Kwa bei ya chini naziamini seti mbili, Shimano MT200 na Tektro HD-M275. Zote ni za oili ya minerali. Ukinunua baiskeli ya mtumba, soma kifuniko cha oili kwenye leva (kishikio cha breki) kabla hujauliza bei. Kikiwa kimeandikwa MINERAL OIL, ni ya minerali. Kikiwa kimeandikwa DOT, ni ya breki fluidi. Kisha bana leva kwa nguvu uishikilie, ukihesabu hadi thelathini. Ikizama taratibu, oili inavuja au sili (mipira midogo ya kuzuia oili isivuje) zimechoka. Baiskeli hiyo iache hapo hapo.

Angalia pia upande. Baiskeli nyingi zilizotoka Ulaya bara zina breki ya mbele mkono wa kushoto, za Uingereza na Japani ziko kulia. Jua ipi ni ipi kabla ya kuteremka Ntyuka.

Na kichupa cha oili kinunue siku hiyo hiyo. Dodoma utazunguka maduka mengi kabla ya kukipata. Mimi huagiza Dar kinakuja na basi.

Kufunga

1. Funga diski kwa ufunguo wa torksi (wa nyota) T25, boliti za kukabiliana zamu kwa zamu.

2. Funga leva na kalipa (kibanio cha diski). Boliti za kalipa ziache zimelegea kidogo, bana leva, kaza ukiwa umebana.

3. Futa diski kwa spiriti. Usiishike tena kwa vidole.

4. Oili. Hapa tulieni. Seti yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Leva ilikuwa inaingia hadi kwenye usukani, nikajua kuna upepo ndani ya oili. Sikuwa na oili ya minerali, nikaenda duka la spea za pikipiki nikanunua DOT 4, maana kwenye bodaboda inafanya kazi vizuri. Siku ya kwanza breki ilikuwa kali kuliko mwanzo. Wiki ya pili leva ikaanza kurudi kwa kusitasita. Baadaye nikiwa nateremka, pistoni za mbele (zinazosukuma pedi) ziligoma kurudi, tairi likajibana lenyewe, nikaruka juu ya usukani. Bega liliuma miezi miwili. Nilipofungua kalipa, sili zilikuwa zimevimba na kulegea kama ubani uliotafunwa. Hakuna dawa, nilitupa kalipa na leva.

Basi: kwenye breki ya minerali usiweke DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1, hata tone. Kwenye breki ya DOT usiweke minerali. Bomba la sindano lililowahi kubeba moja lisiguse nyingine. Na ukikosa oili, panda baiskeli nyingine au tembea kwa miguu.

5. Kutoa upepo. Toa gurudumu na pedi, weka kipande cha plastiki katikati ya pistoni. Lalisha leva iwe sawa na ardhi, fungua skrubu yake, funga kikombe cha oili. Bomba la sindano lililojaa oili lichomeke kwenye nipeli ya kalipa (tundu la kutolea upepo), fungua nipeli kidogo sana, sukuma oili ipande juu taratibu. Ukiona viputo vimekwisha kikombeni, funga nipeli. Bana leva mara kadhaa, iinamishe mbele na nyuma, igonge gonge kalipa na mpira wake wa oili. Viputo vingine hujificha kwenye mpindo. Futa kila tone kabla ya kurudisha pedi.

6. Zoesha pedi. Kwenye lami tambarare, kimbiza, funga breki hadi ukaribie kusimama bila tairi kuburuta. Mara ishirini kila breki.

Kutunza

Vumbi letu linakaa kwenye pistoni, lipigwe brashi kavu. Pedi zibadilishwe zikibaki nusu milimita. Diski ya Shimano mpya ina unene wa milimita 1.8, ikifika 1.5 itoe.

MASWALI

Mdau wa Kizota: Mkuu somo safi. Kwa dharura tu, DOT 4 kidogo si inafaa?

Hapana. Hatua ya 4.

Mdau wa Majengo: Fundi wangu anaweka breki fluidi miaka yote na hakuna shida. Unawaharibia watu riziki.

Sijamtaja fundi yeyote. Kwa pikipiki yuko sahihi, na kwa baiskeli ya DOT yuko sahihi pia. Kasome kifuniko cha leva yako, kisha urudi.

Mdau wa UDOM: Samahani kaka, kwa nini sili zivimbe wakati zote ni oili?

Swali zuri, mdogo wangu. DOT za 3, 4 na 5.1 ni kemikali za jamii ya glaikoli, si mafuta. Mifumo yake hutumia sili za mpira uitwao EPDM, ambao mafuta huuvimbisha. Mifumo ya minerali hutumia mpira wa nitraili, huo nao hauvumilii glaikoli. Kila mpira una adui wake. DOT pia hunyonya unyevu wa hewani, kiwango chake cha kuchemka kikashuka, ndiyo maana hubadilishwa mara kwa mara. Minerali haichanganyiki na maji, lakini maji yakiingia huzama kwenye kalipa, panapopata moto zaidi, na kuchemka yenyewe. Na usikariri chapa: SRAM Level ni DOT, SRAM DB8 ni minerali.

Mdau wa Ipagala: Breki inapiga kelele na haishiki tangu nioshe.

Umeosha na nini?

Mdau wa Ipagala: Vijana wa car wash walipuliza dizeli kwenye cheni.

Pedi zimekunywa dizeli. Nunua nyingine, osha diski kwa sabuni na maji ya moto, kisha spiriti.

Mdau wa Chamwino: Shikamoo kaka. Mbigili zinanitoboa kila wiki. Juzi nikatoa gurudumu, mtoto akabana breki, sasa diski haiingii. Nimeua breki?

Marahaba dada, hujaua. Pistoni zimesogea tu. Pedi zikiwa bado ndani, ingiza katikati kile kiplastiki cha kutolea tairi, sukuma polepole hadi zirudi. Tangu leo, ukitoa gurudumu chomeka boksi lililokunjwa katikati ya pedi. Na ukigeuza baiskeli miguu juu kuziba pancha, hewa ya kwenye tanki la leva inaweza kuingia kwenye mpira wa oili. Ukiisimamisha, bana leva mara kadhaa kabla hujapanda. Kwa mbigili, jaribu maji ya gundi ndani ya tyubu.

Mdau wa Chamwino: Na spiriti ya duka la dawa inafaa?

Uliza aina ya isopropili. Nyingine za hospitali huchanganywa mafuta ya nyonyo kulainisha ngozi. Pima tone moja kwenye kioo: likikauka bila kuacha utando, tumia.

Mdau wa Area C: Nimepata pedi za chuma, zinadumu zaidi. Nifunge?

Tazama diski yako. Ikiwa imeandikwa RESIN PAD ONLY, pedi za chuma zitaila. Kwa MT200 tafuta pedi za rezini (resin), aina ya B05S.