Unataka tairi pana kwenye rimu zilezile orijino? Soma rimu kwanza

Wadau wa Tanga wenye Altezza, Impreza na ndugu zake, hii ya "fundi nitafutie tairi pana" naisikia kila nikipita Ngamiani na najua inaishiaga wapi maana na mimi nimeshapita humohumo. Altezza yangu ni RS200, rimu zake za 17 zilizotoka nazo Japani, tairi 215/45R17 (upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Siku moja nikakutana na mtumba wa 235/45R17, kashata (yale meno ya tairi) bado nene, bei poa, muuzaji ananiambia kaka hizo zinaingia usiwe na wasi. Na kweli ziliingia, ila kuingia ndo kitu pekee zilichofanya vizuri. Kesho yake naenda Muheza, kila kona nikikunja stelingi gari kama inajiuliza kwanza ndo ifuate, na nikipita tuta nimebeba watu nyuma nasikia kwaruuu kwenye madigadi. Wiki haijaisha nimezitoa, waja leo waondoka leo.

Shida ilikuwa hivi: rimu yangu ina upana wa inchi 7, na 235/45R17 inataka rimu ya kuanzia inchi 7.5 mpaka 9. Ukiilazimisha kwenye 7 mbavu za tairi zinatuna kama andazi, uso wa tairi unapinda kidogo na mzigo unaangukia katikati, yani umelipia upana halafu lami huigusi nao wote.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa muuzaji, toa tairi moja uangalie mgongo wa rimu, nyuma ya zile spoku. Mimi ilibidi nichukue brashi ya kufulia na maji ya sabuni, chumvi ya upepo wa bahari na vumbi la breki vimegandana kama saruji, nikasugua karibu nusu saa ndo ikatokea 17x7JJ na pembeni 50. Hiyo 7 ndo upana, hiyo 50 ni ofseti, yani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye habu, na kwa sababu rimu hubadilishi basi ofseti iache ilivyo, ila jua kwamba upana unaoongezeka unagawanyika nusu ndani nusu nje.

Ukiwa na inchi 7 mwisho wako ni 225/45R17. Najua unaona milimita 10 ni kitu kidogo, lakini ndo hapo. Mwenye rimu ya inchi 8, kama za Impreza STI ya 2006, huyo 235/45 inamkaa sawasawa, na 245/40 inakubali ila ndo ukingoni kabisa.

Halafu kimo cha tairi zima, kutoka chini mpaka juu. Chukua 225 zidisha kwa 0.45, zidisha mara mbili, jumlisha 431.8 ambayo ndo inchi 17, unapata kama 634. Ile 215/45 inakuja 625. Tofauti milimita 9, asilimia moja na nusu hivi, dashi ikisoma 100 wewe uko 101 na kitu, haina noma. Ile 235/45 yangu ilikuwa 643, milimita 18 zaidi, ndo maana ya ile kwaruuu.

Sasa nafasi ya ndani, hapa watu wanakisia kwa macho tu. Mimi niliomba donge la unga wa chapati jikoni (nilichekwa sana), piga jeki, bandika donge kwenye kitu kilicho karibu zaidi na tairi kwa ndani, kwenye Impreza mbele ni shokabu yenyewe, kwenye Altezza angalia mkono wa juu wa sasپensheni, kisha zungusha tairi kwa mkono. Donge likisagika linabaki na unene wa nafasi uliyonayo, libandue upime na rula. Ukitoa milimita 5 za tairi mpya (nusu ya zile 10) na bado kuna kama 5 za kupumulia, endelea. Nje shusha gari chini, pakia watu nyuma, kunja stelingi mpaka mwisho kushoto na kulia, uone fenda iko wapi.

Wa Subaru zote zinazovuta tairi nne, usibadilishe mbili tu, kimo kikitofautiana difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, inafanya kazi muda wote na utailipia.

Mtumba soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, 2219 ni wiki ya 22 ya 2019. Kashata nene kwenye tairi ya zamani isikudanganye, mpira ukishakakamaa mvua ya masika utaikuta, na tairi pana likiwa kipara linaelea juu ya maji mapema kuliko jembamba. Pia litafuata mifereji ya malori kwenye lami, shika stelingi vizuri.

Upepo anza na ule wa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi. Chora mstari wa chaki kukatisha uso wa tairi, tembea mita mia mbili tatu lami iliyonyooka, chaki ikifutika katikati tu punguza kidogo, ikifutika pembeni tu ongeza. Nati kaza tena baada ya kilomita 50 hivi, mimi zangu nilizirudia Pongwe na mbili zilikuwa zimelegea.