Jinsi ya Kupima Njia ya Hewa ya Pua kwa Mtoto Anayepumua kwa Mdomo

Katika kliniki ya masikio, pua na koo ninakofanya kazi hapa Kisumu, huletwa mara kwa mara mtoto ambaye mama yake ananiambia, "Daktari, huyu hulala mdomo wazi usiku kucha." Mara nyingi jibu limekwisha kutolewa kabla hajafika kwangu: ana nyama nyuma ya pua, au ni mazoea mabaya tu. Lakini mdomo wazi si ushahidi kamili, kwa kuwa wapo watoto ambao midomo yao haikutani kwa sababu ya mpangilio wa meno na taya, ilhali hewa inapita puani bila shida. Kwa hiyo nawasihi matabibu na wauguzi wenzangu tuipime pua kwanza, ndipo tuitaje kuwa chanzo.

Hatua ya kwanza ni maandalizi. Mwache mtoto apumzike ndani kwa nusu saa, hasa akiwa amefika kwa bodaboda akipigwa na upepo na vumbi, maana mbio, baridi na vumbi hubadilisha unene wa utando wa pua. Muulize mzazi kuhusu kukoroma, kuhangaika usingizini na kupiga chafya asubuhi. Akiwa na mafua siku hiyo, mpe siku nyingine ya kurudi.

Hatua ya pili ni kioo na maji. Shika kioo kidogo kilichopoa chini ya pua, mdomo ukiwa umefungwa, utazame ukungu wa kila tundu. Ukungu wa upande mmoja ukiwa mdogo, usikate shauri papo hapo, kwani pande mbili za pua hupokezana kuvimba na kunywea kila baada ya saa chache. Kisha mpe funda la maji alishikilie mdomoni kwa dakika 2 bila kumeza. Akitulia, pua yake inamtosha anapokuwa amepumzika. Akihangaika na kuyatema mapema, anahitaji kipimo cha namba.

Hatua ya tatu, yaani kipimo cha namba, ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Kifaa chenyewe ni bomba la plastiki lenye mshale na kinyago, nacho husoma kasi ya juu kabisa ya hewa inayovutwa puani, kwa lita kwa dakika. Mtoto apenge kamasi kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu nilipoanza kazi hii nilimpima msichana mmoja nikapata 40, nikaanza kumwandikia rufaa ya upasuaji. Akaomba leso, akapenga, nikarudia nikapata 85. Tangu siku hiyo leso hukaa mezani kando ya kifaa.

Rudisha mshale chini, mwambie atoe pumzi yote, kisha mwekee kinyago kikae sawasawa usoni bila kuzibana pua zenyewe, afumbe mdomo na kuvuta hewa kwa pua kwa nguvu na kwa ghafla. Watoto wa hapa hunielewa haraka nikiwaambia, "Vuta kama unayenusa samaki wa kukaanga pale ufukweni Dunga." Rudia mara tatu na uandike namba ya juu. Zikipishana sana, bado hajajifunza kuvuta, na hakuna namba ya kuamini hapo. Angalia pia kuta za pua zisijikunje kuelekea ndani anapovuta, na ukumbuke kwamba mtoto mwenye pumu au mchovu huvuta kidogo hata kama pua yake ni safi. Usimlinganishe na mtu mzima. Namba hupanda kadiri mtoto anavyokua.

Hatua ya nne ni kupima tena baada ya dawa ya kufungua pua, kwa kiwango cha watoto, na kwa aliyetimiza miaka 6. Subiri dakika 15. Namba ikipanda sana, tatizo kubwa ni utando uliovimba, mara nyingi kwa aleji, na hapo tiba ni dawa ya kupuliza ya kila siku pamoja na kupunguza moshi na vumbi nyumbani. Ikibaki palepale, kuna kizuizi kisichonywea: nyama za nyuma ya pua, ukuta wa kati uliopinda, au kitu kilichokwama. Hapo ndipo picha ya eksirei ya shingo kwa upande, au kamera ya pua, ina kazi.

Hospitali kubwa zenye mashine ya rainomanometria, inayopima jinsi pua inavyoizuia hewa, husoma mtiririko wa hewa kwenye shinikizo la paskali 150. Vipimo vingine hukadiria upana wa njia yenyewe: kwa watu wazima, mtafiti Donald Warren na wenzake waliona kwamba chini ya sentimita za mraba 0.4 wengi hulazimika kupumua kwa mdomo, walau kwa sehemu.

Katika barua ya rufaa andika namba zote mbili, kabla na baada ya dawa, pamoja na saa ya kupima. Kama namba ni nzuri na midomo bado haikutani, ielekeze barua hiyo kwa daktari wa meno.