Somo: Treni ya maboksi inayotembea kweli (miaka 4 hadi 7)

Treni nyingi tunazotengeneza na watoto ni za kubandika ukutani. Mtoto anaichezea dakika mbili, anaiacha, kwa sababu haiendi popote. Hii inakwenda. Kazi kubwa iko kwenye magurudumu, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Mahitaji: maboksi 3 ya maziwa au juisi ya lita moja, yaoshwe na kukaushwa, vizibo 12 vya chupa za maji vinavyolingana, mirija ya soda, vijiti vya mishikaki, selotepu, gundi, klipu za karatasi na rangi.

1. Kutoboa vizibo. Hii ni kazi ya mtu mzima, kwa msumari mwembamba uliopashwa moto. Tundu liwe katikati kabisa, la sivyo behewa litachechemea. Kupata katikati mwachie mtoto: aweke kizibo juu ya karatasi, achore kukizunguka, akate duara, alikunje nusu mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo penyewe. Msiruke hatua hii, watoto wanaipenda kuliko hata kupaka rangi.

2. Ekseli, yaani fimbo inayounganisha magurudumu mawili. Kata mrija upana wa boksi, ubandike chini ya boksi kwa selotepu. Kila boksi mirija miwili. Kata kijiti cha sentimita 12 na uondoe ncha kali. Kipitishe ndani ya mrija, chomeka kizibo kila upande, weka tone la gundi kwa nje. Vizibo vishike kijiti, kijiti kizunguke ndani ya mrija. Treni ya kweli iko hivyo: gurudumu na ekseli vimeshikana na huzunguka pamoja.

Pima nafasi kati ya kizibo na kizibo: sentimita 10, mabehewa yote.

3. Kichwa na mabehewa. Pakeni rangi. Wengi huchora moshi juu ya kichwa, nami siwakatazi, jina garimoshi lilitokana na huo moshi. Ila mtoto aliyepanda treni ya SGR (reli mpya ya kisasa) ya Dar atakwambia haina moshi. Ni ya umeme. Kunja waya laini, usimame juu ya kichwa kama mkono unaogusa nyaya za umeme juu ya reli.

Unganisha kwa klipu zilizokunjuliwa mfano wa ndoano.

4. Reli. Chora sakafuni kwa chaki reli mbili. Ya kwanza upana wa sentimita 10, ya pili sentimita 14 na kidogo. Hizo ni reli zetu zilizopunguzwa mara kumi: reli ya kati ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1000, SGR ina 1435. Mwache mtoto ajaribu treni yake kwenye zote mbili. Ataona mwenyewe kwamba kwenye ile pana magurudumu hayaifikii mistari.

5. Safari. Andika vituo kwenye kadi: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Mmoja dereva, mmoja mkata tiketi, wengine abiria. Kila kituo pakieni maharage matano na kushusha mawili, kisha muulize yamebaki mangapi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka miwili na nusu, kila kitu mdomoni. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Vizibo, maharage na klipu usimpe kabisa. Chukua boksi kubwa la katoni, aingie ndani yeye mwenyewe, umvute taratibu. Ukifunga kamba kwenye boksi, usimwache nayo peke yake.

*Magurudumu yangu yamegoma. Nikivuta, treni inaburuzika tu.*

Gundi imeingia ndani ya mrija, au kizibo kinabana boksi. Acha nafasi ndogo kila upande, na gundi iwekwe nje ya kizibo tu.

*Mwalimu, huku kwetu Nairobi SGR ni ya dizeli. Ule waya wa juu tuuache?*

Msiuweke. Wekeni bomba fupi la moshi. Vipimo vya reli vibaki vilevile, SGR yenu pia ni 1435 na ile ya zamani ni 1000.

*Nilitumia uzi badala ya klipu. Mbele inakwenda vizuri, ikirudi nyuma mabehewa yanapandana.*

Uzi unavuta lakini hausukumi. Weka kipande cha kijiti kati ya behewa na behewa, ukifunge pande zote mbili kwa waya laini. Kabla ya kurekebisha, mwonyeshe mtoto tatizo na umuulize yeye afanyeje.

*Nina watoto 40 na mikasi miwili.*

Usitengeneze treni 40. Wagawe makundi ya wanane, kila kundi treni moja, nawe ukate mirija na vijiti vyote jioni ya kabla. Wanaosubiri zamu wapeleke uwanjani na kamba ya mita 1 na sentimita 43 na nusu, wachore reli ya SGR kwa upana wake halisi na kuhesabu nyayo zao zinazoenea katikati.

*Mvua ikilowesha maboksi?*

Ya maziwa yana plastiki nyembamba ndani, huvumilia kidogo. Yafuteni, yaanikwe kivulini, juani selotepu hubanduka.