Namna ya kuuliza kuhusu ugoro na kuberi kaya kwa kaya

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka Chamwino, Bahi au Kongwa mkoani Dodoma na dodoso linaloanza na swali "Je, unavuta sigara?" atarudi na takwimu zisizo za kweli, kwa sababu anayebwia ugoro atajibu hapana, wala hatakuwa amedanganya. Bibi mmoja aliniambia kuwa hajawahi kugusa tumbaku. Nilipofunga daftari, alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akachota ugoro kwa ncha za vidole viwili na kuuweka kati ya mdomo wa chini na fizi. Kwake tumbaku ni ile inayotoa moshi.

Kwa hiyo taja kila kitu kwa jina lake. Baada ya shikamoo, au mbukwenyi katika kaya ya Wagogo, uliza kama mtu ananusa ugoro, anaubwia, anatafuna tumbaku ya majani au anatumia kuberi, tumbaku ya kuweka mdomoni inayouzwa kwa pakiti. Kama ni kila siku au mara mojamoja. Alianza akiwa na umri gani. Na akishaamka hukaa muda gani kabla ya kutumia, kwani anayeutafuta kabla hata ya kunawa uso ameshatekwa na nikotini. Uliza pia kama umetiwa magadi, swali ambalo husahaulika mno, ilhali magadi ndiyo yanayoharakisha nikotini kupenya kinywani na kuingia kwenye damu.

Vijana wanahitaji uangalifu zaidi. Tafiti za kimataifa huhesabu watu wazima kuanzia miaka 15, na zile za wanafunzi hulenga miaka 13 hadi 15 na kuuliza kuhusu siku 30 zilizopita, hivyo usiyachanganye makundi hayo katika jedwali moja. Omba ridhaa ya mzazi, kisha zungumza na kijana pembeni, kwa maana mbele ya baba yake hatasema kitu. Muulize aliupata wapi ugoro: sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini wengi huanza kwa kutumwa dukani na babu.

Ukiona doa jeupe lisilofutika kwenye fizi, iwe kwa mzee au kijana, mwandikie rufaa ya zahanati siku hiyohiyo, kwa kuwa tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya kinywa.