Namna ya Kuisoma Safari ya Kisiasa ya Gavana wa Japani

Ukitaka kuielewa safari ya kisiasa ya gavana wa Japani, usianze na chama chake, kwa kuwa magavana wengi husimama kama wagombea huru. Anza na uhusiano wake na baraza la mkoa. Tangu 1947 gavana huchaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa kipindi cha miaka 4, na wajumbe wa baraza huchaguliwa na wananchi hao hao, hivyo kila upande hudai kuwa ndio uliotumwa na umma.

Mchukue Yasuo Tanaka wa Nagano. Chunguza kwanza alikotoka: kabla yake mkoa huo ulikuwa umeongozwa na magavana wawili tu kwa miaka 40 na ushei, na mpinzani wake mkuu katika uchaguzi wa Oktoba 2000 alikuwa makamu wa gavana wa zamani, ilhali Tanaka mwenyewe alikuwa mwandishi wa riwaya. Kisha tazama alivyopokelewa. Alipopita ofisini akijitambulisha kwa kadi za jina, ambazo Wajapani hupokea kwa mikono miwili, mkuu mmoja wa idara aliikunja kadi ya Tanaka mbele ya kamera. Kwangu mimi, tukio hilo dogo linaeleza mengi kuliko hotuba zote za kampeni.

Baada ya hapo tafuta uamuzi uliowasha moto. Februari 2001 Tanaka alitangaza kuachana na mabwawa ya zege, na Julai 2002 baraza likapitisha kura ya kutokuwa na imani naye. Hapa ijue sheria vizuri: gavana akipigiwa kura hiyo ana siku 10 za kulivunja baraza, la sivyo anapoteza kiti. Tanaka hakulivunja, aliacha kiti kimponyoke, akarudi kwa wapigakura, na Septemba mwaka huo huo wakamrudisha. Motohiko Saito wa Hyogo alipita njia hiyo hiyo mwaka 2024, baada ya wajumbe wote 86 kumkataa, naye akashinda Novemba.

Usifunge daftari lako gavana anapotoka ofisini. Tanaka alishindwa na Jin Murai Agosti 2006, lakini mwaka uliofuata alikuwa ameshaingia katika baraza la juu la bunge la taifa.