Kamba ya Miaka 22: Namna Ninavyofundisha Wanawake wa Kati ya Vita Mbili

Mwaka wa kwanza nilifanya kama wengi tunavyofanya. Niliwapa wanafunzi majina kumi ya wanawake mashuhuri, wakaenda kuhangaika na simu za wazazi, wakarudi na kurasa zilizofanana kama mapacha: "Alikuwa mwanamke jasiri aliyetimiza ndoto zake." Ungefuta jina la juu usingejua ni nani. Nafundisha Kiswahili hapa Jinja, Uganda, kidato cha pili, au sinia tuu kama tusemavyo, watoto tisini na ushee katika chumba kimoja. Siwezi kusahihisha ndoto tisini. Basi mwalimu mwenzangu, siku hizi nafanya hivi.

Nunua kamba ya katani mita saba na vibanio vya nguo 22. Kila kibanio ni mwaka, kuanzia 1918 vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha hadi 1939 vya pili vilipoanza. Ukiacha sentimita 30 kati ya kibanio na kibanio utatumia mita 6.3, na kinachobaki ni cha kufungia kwenye misumari. Karatasi za manila zikate vipande vinane vinane, viwe kadi za kubana kwenye mwaka wa kila mwanamke. Kadi ikiwa ndogo mtoto analazimika kuchagua cha kuandika.

Kadi ijibu maswali manne: Huyu mama alifanya kazi gani kabla hajajulikana? Pesa alizipata wapi? Mwaka huo alifanya nini? Kilimgharimu nini? La pili usiliruke. Wanafunzi wangu hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, kwa hiyo ukiwaambia mtu alipanda ndege "kwa kujiamini" wanakutazama tu.

Anza na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Usianze na Wazungu, utawapoteza dakika ya kwanza. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akawa anabeba vyungu kwenda kuuza mjini, akivinadi kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, yaani sahani za muziki, kwa Kiswahili, wakati taarabu ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Andika neno "santuri" ubaoni kwanza, maana hawalijui, kisha wachezee wimbo mmoja kwa simu na spika ndogo. Watacheka, kwa sababu santuri za zamani zinakwaruza. Waache wacheke. Halafu uliza nani leo asubuhi ameuza kitu kabla ya kuja shule. Kwangu iliinuka mikono zaidi ya kumi: maandazi, ndizi, makaa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini swali la kwanza lipo.

Sasa nenda kwenye ndege, na hapo mpe Bessie Coleman muda mrefu kuliko wote. Alizaliwa Texas mwaka 1892, akakulia kwenye mashamba ya pamba, akahamia Chicago, akawa anatengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mweusi na ni mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Akaweka akiba, akasaidiwa kidogo, akajifunza Kifaransa kwanza, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa. Gharama yake ilikuja tarehe 30 Aprili 1926 huko Jacksonville, alipoanguka kutoka kwenye ndege akafa. Msichana mmoja aliuliza kwa nini alihangaika na Kifaransa. Nikamjibu kwamba shule ilikuwa huko na ilifundisha kwa lugha ya huko. Nakuambia, wiki hiyo hakuna mtoto aliyeniuliza tena Kiswahili kitamsaidia nini.

Lotfia El Nadi wa Cairo ataleta kelele, ujiandae. Baba yake hakutaka, pesa hakuwa nazo, akaomba kazi ya kupokea simu katika shule ya urubani ili alipie masomo, na nyumbani akawa anasema anakwenda kusoma na wenzake. Mwaka 1933 akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kupata leseni. Wavulana watasema alidanganya, wasichana watasema sivyo, na kengele italia kabla hamjaafikiana. Waambie kwamba baadaye alimrusha baba yake juu ya mapiramidi. Kelele zitapungua kidogo.

Amelia Earhart anachukua vibanio viwili: 1932 alipovuka Atlantiki peke yake, na 1937 alipopotea baharini Pasifiki. Inatosha, wameshamsikia. Amy Johnson alikuwa katibu katika ofisi ya wanasheria London. Aliondoka Croydon tarehe 5 Mei 1930 akatua Darwin, Australia, tarehe 24. Hapa niliaibika: kwenye kadi yake nilibandika picha ya Earhart, ikakaa wiki mbili hadi mzazi mmoja alipokuja kuuliza matokeo ya mwanawe akaiona. Tangu hapo, picha ambayo sijaiona mahali pawili haiingii; mtoto na achore. Beryl Markham wanampenda kwa sababu alikulia Njoro, karibu na Nakuru, ambako wengine wamepita na basi la Nairobi. Alikuwa akifundisha farasi wa mashindano. Mwaka 1936 aliruka kutoka Uingereza peke yake akielekea magharibi juu ya Atlantiki, akaishia kwenye bwawa la matope huko Nova Scotia, Kanada. Ndege ilikuwa ya kuazima. Andika hivyo hivyo.

Kwa wanawake wa siasa na huduma, usiogope kadi yenye pengo. Muthoni Nyanjiru alikuwa katika umati uliokwenda kituo cha polisi Nairobi tarehe 16 Machi 1922 kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma akapandisha gauni lake, akawaambia walichukue wampe suruali zao. Polisi wakapiga risasi, naye akafa hapo. Kundi lililopewa kadi yake liliacha swali la pesa wazi kabisa. Niliwapa alama zote.

Kibanio cha 1923 kina kadi mbili. Huda Shaarawi, mtetezi wa haki za wanawake wa Misri, alishuka kwenye treni Cairo akaondoa kitambaa usoni. Mwaka huohuo, Nkokonjeru, ng'ambo ya Nile kutoka kwetu, Mama Kevina, mtawa wa Ireland, alianzisha shirika la masista Waafrika. Mvulana mmoja mkimya alisimama mbele ya kibanio hicho akasema, "Mwalimu, huyu anavua, hawa wanavaa." Sikuongeza neno. Kama uko Busoga, weka pia 1934, Mama Kevina alipoanzisha kituo cha wagonjwa wa ukoma Buluba. Karibu kila familia ina mtu aliyetibiwa pale.

Maliza kwa Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa kwenye veranda ya nyumba yake, kisha katika chuo cha Makerere mwaka 1937. Makerere haikupokea wanafunzi wa kike hadi 1945, na kamba yetu imeishia 1939. Wasichana watakuuliza kadi ya 1945 itundikwe wapi. Yangu iko kwenye msumari.

La mwisho ni gundi. Usibandike picha kwa uji wa unga wa muhogo, hata kama fungu la vifaa limekwisha. Mimi nilifanya hivyo, nikafunga chumba likizo nzima. Panya walimla Amy Johnson tangu Croydon, wakaacha Darwin tu.