Somo: Kulanti ya gari la zamani, usichague kwa rangi

Wakuu, juzi nimefungua rejeta ya Corolla 110 ya jamaa yangu. Kilichotoka ni kama chai iliyolala. Miaka yote anajaza maji ya bomba badala ya kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini: "Dar hakuna barafu, kulanti ya nini?" Ya kuzuia kutu, ndugu yangu. Tena ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, inachemka kwenye nyuzi 107 hivi badala ya 100, hapo presha ya kifuniko cha rejeta, inayopandisha zaidi, bado hujaihesabu.

Hatua ya 1: Geuza dumu, soma nyuma. Rangi ni urembo wa kiwanda. Kijani mbili zaweza kuwa vitu viwili tofauti. Unatafuta herufi za aina ya dawa ya kuzuia kutu iliyomo: IAT ni ya mtindo wa zamani, hubadilishwa kila miaka 2 hivi. OAT, ya asidi za kikaboni, hukaa hadi miaka 5.

Hatua ya 2: Chungulia rejeta. Ikiwa ni ya shaba iliyochomelewa kwa risasi, baki na IAT. Baadhi ya OAT hula ile risasi. Ikiwa ni alumini yenye tanki za plastiki, fuata kitabu cha gari. Toyota za miaka ya 90 zilitoka na kulanti nyekundu yenye fosfati, bila silikati. Tafuta inayofanana nayo kwa viambato, si kwa rangi.

Hatua ya 3: Injini ikiwa ya baridi, mwaga yote. Jaza maji safi, washa hita, acha injini iungurume mpaka paipu ya juu ya rejeta ipate moto. Zima, ipoe, mwaga. Yule jamaa tulirudia mara nne ndipo yakatoka meupe. Na kama fundi "alikusaidia" kwa kung'oa thamostati (vali inayodhibiti joto la injini), irudishe.

Hatua ya 4: Changanya kulanti na maji ya betri (si asidi!), jaza taratibu hewa itoke. Kulanti uliyomwaga usiiache wazi: ni tamu, ni sumu, mbwa huilamba.

MASWALI

– Mkuu, dumu langu limeandikwa tayari kwa matumizi. Niongeze maji?
Hapana, mimina hivyo hivyo.

– Imepungua nikiwa safarini, aina yangu haipo dukani.
Subiri ipoe, ongeza maji safi. Usichanganye IAT na OAT.

– Niko Nairobi, kuna tofauti?
Ipo. Kwa mwinuko wenu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nyie ndio wa kwanza kuihitaji.

– Nimesafisha kama ulivyosema, sasa rejeta inavuja!
Pole mkuu. Tundu lilikuwepo, kutu ndiyo iliyoliziba. Ipeleke kwa fundi rejeta.